Ndege mbili kupishana karibu hivi angani, ni kawaida au tulinusurika?

Bwiru_Ziwani:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya anga. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Dar na mama yangu mzazi, nilimpeleka kliniki, tunarudi Mwanza. Rubani alishatangaza tuko futi 34,000. Mama kakaa dirishani, mara akanishika mkono kwa nguvu, kuangalia hivi naona ndege kubwa inakuja kwa mbele upande wa kushoto, chini yetu kidogo tu, ikapita kama risasi kwenda huko tulikotoka, yaani mpaka rangi za mkia nimeziona. Sisi hatukuyumba wala nini, wahudumu wakaendelea kugawa maji. Sasa tangu siku hiyo mama kagoma kupanda ndege, anasema bora basi, na kwa mguu wake ule kilomita zaidi ya 1,100 barabarani mimi naogopa, na kliniki ni mwezi ujao. Swali langu, ile ni kawaida au kuna mtu alikosea urefu tukanusurika? Nataka ukweli, msinifariji tu.

Mnara_Mstaafu:
Pole na mama, kijana wangu. Nimeongoza ndege miaka mingi, sasa nimestaafu nipo zangu Buswelu. Siwezi kukuapia kuhusu safari yenu maana sikuiona kwenye rada, ila ulivyosimulia inafanana kabisa na kupishana kwa kawaida. Njia za angani zina ghorofa. Anayeelekea upande wa magharibi anapewa namba shufwa, 32,000, 34,000, 36,000, anayeelekea mashariki anapewa witiri, 33,000, 35,000, 37,000. Dar kuja Mwanza ni kaskazini magharibi, kwahiyo 34,000 yenu ilikuwa mahali pake, na yule wa chini kwa maelezo yako alikuwa 33,000. Katikati hapo ni futi 1,000, kama mita 300, chukua viwanja vitatu vya CCM Kirumba uvisimamishe wima. Huko juu hakuna mti wala nyumba ya kulinganisha ndo maana jicho linaona karibu, alafu kila mmoja anakimbia kama kilomita 830 kwa saa, mkielekeana mnakaribiana kilomita 27 kila dakika, hiyo ni kama kutoka mjini unaitafuta Kigongo.

Zamani juu ya futi 29,000 tulikuwa tunaacha futi 2,000 kwa sababu hewa ikiwa nyepesi vipimo vya urefu vilikuwa haviaminiki sana. Vikaboreshwa, na huku Afrika tukaanza kutumia futi 1,000 Septemba 2008.

Nyegezi_Kona:
Mzee shikamoo. Sasa hizo futi 1,000 rubani akikosea si ndo basi tena? Manake binadamu ni binadamu.

Mnara_Mstaafu:
Marahaba. Wanakosea, na sisi tulikuwa tunakosea, sifichi. Kosa linalojirudia sana ni la masikio, umemwambia mtu ashuke 11,000 yeye kasikia 10,000, au maelekezo ya ndege moja yanachukuliwa na nyingine yenye jina linalofanana. Ndo maana rubani lazima ayarudie maelekezo yote kwa sauti na wewe usikilize neno kwa neno, usiitikie tu kwa mazoea. Wengine wanasahau kubadilisha kipimo cha mgandamizo wa hewa, kila hektopaskali 1 ni kama futi 28, ukikosea 10 umeshaondoka karibu futi 280 na kioo mbele yako kinakwambia uko sawa.

Novemba 12, 1996 kule Charkhi Dadri, India, ndege ya Kazakhstan iliambiwa isimame 15,000, ikapitiliza kushuka ikakutana na ya Saudia iliyokuwa 14,000. Watu 349, hakupona hata mmoja. Rada ya Delhi wakati ule ilimwonyesha muongozaji ndege ilipo ila haikumwonyesha iko urefu gani. Hapa kwetu sasa rada ipo, ni mojawapo ya zile nne za Dar, KIA, Mwanza na Songwe, na urefu unausoma kwenye kioo.

Dada_Kitangiri:
Niongeze kidogo, nilikuwa mhudumu wa ndani ya ndege, shirika silitaji. Ziwa hili usiku linapika radi zake mpaka alfajiri, tuliwahi kurushwa juu na wingu kama lifti, rubani akatoa taarifa hapo hapo kwa waongozaji kwamba katoka kwenye urefu wake. Alafu kuna TCAS, ile mashine inayoongea na mashine ya ndege nyingine, ikiona mnakaribiana vibaya huyu inamwambia panda na yule shuka.

Nyegezi_Kona:
Na muongozaji akisema kinyume na mashine? Mimi ningemsikiliza mtu, yeye anaona wote.

Mnara_Mstaafu:
Hapana mwanangu, na hili nalisema kwa uchungu. Usiku wa Julai 1, 2002, Überlingen, mji wa Ujerumani ulio ufukweni mwa ziwa kama huu wetu. Ndege ya Urusi na ya mizigo ya DHL zote 36,000. Muongozaji kule Zurich alikuwa peke yake anahudumia vioo viwili, mwenzake kaenda kupumzika, simu ziko matengenezoni. Akashtuka kachelewa, akamwambia Mrusi ashuke. Sekunde chache baadaye mashine ikamwambia Mrusi apande, na DHL ikaambiwa ishuke. Mrusi akamtii mtu, DHL ikatii mashine, wote wakashuka. Walikufa 71, wengi wao watoto. Baada ya hapo kanuni ikakazwa dunia nzima, mashine ikishakuamuru unaitii hata kama muongozaji anakwambia vingine, na yeye ukishamjulisha anaacha kukupa maelekezo mpaka useme umemaliza.

Bwiru_Ziwani:
Mzee nimemsomea mama yote kwa Kisukuma, kanyamaza muda mrefu alafu kauliza swali moja tu, hao wanaoongoza usiku huwa wanalala saa ngapi?

Mnara_Mstaafu:
Mwambie mama kauliza pale pale panaponiuma. Kuna zamu, na kuna ukomo wa saa za kukaa kwenye kioo, ukichoka unatakiwa useme upokelewe. Kila nilipokuwa kiongozi wa zamu sikukubali kijana abaki peke yake usiku hata anga ikiwa kimya, maana Überlingen nayo ilikuwa kimya, ndege zilikuwa chache tu.

Bwiru_Ziwani:
Wabeja sana mzee. Kasema nikate tiketi, ila ya mchana, na yeye akae dirishani.