Bo Xilai: kilimponza rushwa au kofi?

Wakuu, kila tukigusa ufisadi lazima atokee mtu aseme "China mwizi ananyongwa, tuige". Haya, tuangalie ya Bo Xilai, aliyekuwa katibu wa Chama cha Kikomunisti wa jiji la Chongqing, mtoto wa Bo Yibo yule mwanamapinduzi wa enzi za Mao. Jamaa alijipatia jina kwa kufagia magenge, mpaka Wen Qiang, kigogo wa zamani wa polisi hapo hapo, akauawa kwa hukumu ya mahakama 2010, watu wanashangilia na kuimba nyimbo za mapinduzi.

Kumbe nyuma ya pazia kuna tajiri wa jiji la Dalian, Xu Ming, analipia kila kitu. Vila Ufaransa, na 2011 safari ya mtoto wa Bo, ndege ya kukodi kutoka Dubai mpaka Kilimanjaro, yaani hapa hapa kwetu! Mahakamani ikaelezwa dogo alirudi na nyama kutoka Afrika, nyumbani wakabishana iliwe mbichi au ipikwe kwanza, mi hapo huwa nacheka mpaka basi.

Sasa hongo alizohukumiwa, zaidi ya yuan milioni 20, zilianza 1999. Tangu hapo akawa gavana, akawa waziri, akapewa Chongqing, na hakuna aliyeona kitu?? Alianguka kwa sababu mkewe Gu Kailai alimuua kwa sumu Mwingereza Neil Heywood, mkuu wa polisi wa Chongqing, Wang Lijun, akamfuata bosi wake Bo kumwambia akaishia kula kofi (Wang anasema ni ngumi bwana), siku chache baadaye, Februari 2012, huyoo ndani ya ubalozi mdogo wa Marekani jijini Chengdu kutoboa siri. Bila lile kofi nani angegusa hizo hongo? Na hakunyongwa, alipigwa kifungo cha maisha 2013.

— Mkuu hata kama ni siasa, si yuko jela? Huku kwetu wakigombana anahamishwa wizara, kesho unamkuta kwenye harambee anachangia milioni. Mi nipe hiyo hiyo ya China.

— Hapo kwenye harambee umenipata kaka. Ila cheki na Wang mwenyewe, sawa na yeye alikula hongo, lakini ndo aliyetoboa, na bado alikula miaka 15. Sasa mkuu wa polisi wa mkoa mwingine akijua siri ya bosi wake, unadhani atafungua mdomo?