Mjadala: Viwanda vya alizeti vya kanda ya kati vibanwe kuchanganya watu mashineni, au viachwe?

Mleta mada

Msimu wa alizeti umekaribia, na wenye viwanda kuanzia Kibaigwa hadi Singida wameanza kutafuta watu. Je, wabanwe wachanganye watu (wanawake, wenye ulemavu, wasio wa ukoo wao), au waachwe wachague wenyewe?

Kwa asiyejua, sheria zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, mahali anakotoka, jinsia, ujauzito, ulemavu, dini au umri, na inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuzuia ubaguzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sasa ingia kiwanda chochote kidogo. Mashineni ni vijana wa kiume, mara nyingi wa ukoo mmoja. Akina mama wako uwanjani wanapepeta na kushona magunia. Mwenye ulemavu humwoni. Mimi nasema wabanwe. Anayepinga alete sababu, asituletee "hali halisi".

Mkamuaji, Kibaigwa

Sababu hizi hapa, mleta mada.

Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6. Huyo ni mtu gani? Hesabu haivuki mtu mmoja mpaka ufikishe watu 34. Na viwanda vyetu vina watu wachache wa kudumu, waliobaki ni vibarua wanaolipwa kwa gunia tangu Juni hadi mbegu ziishe. Hao nao wanahesabiwa?

Halafu uzito. Gunia linalochukua kilo 100 za mahindi likijazwa alizeti linakuwa na kilo 60 hadi 70, maana mbegu ni nyepesi. Likija lumbesa, yaani limejazwa kupita mdomo, ni zaidi. Linapandishwa ngazi begani hadi kwenye hopa, kihori cha kumwagia mbegu juu ya mashine. Nani atampandisha mama mjamzito huko?

Kubwa zaidi ni sauti. Mkamuaji mzuri anaisikiliza mashine. Mbegu ikiwa na unyevu mwingi au choki (kibano cha mahali makapi yanapotokea) ikikazwa kupita kiasi, mngurumo unakuwa mzito kabla skrubu ya kukamulia haijakwama. Ukichelewa dakika mbili unafungua pipa zima na kuchokonoa mashudu, yaani makapi ya mbegu, yaliyoganda kama saruji, nusu siku imekwenda. Kiziwi atajuaje? Huo si ubaguzi, ni kazi yenyewe ilivyo.

Fundi mitambo, Singida

Mkuu wa Kibaigwa, hoja ya sauti ni ya kweli, ila dawa yake ipo na ni ya bei ndogo: amita, mita ya mshale inayoonyesha umeme mota inaovuta.

Mota ya kilowati 15 kwenye umeme wa volti 400 inakula ampea kama 28 ikiwa imebeba mzigo wake wote. Mashine ikianza kukabwa, mshale unapanda kabla hata sikio halijashtuka. Paka rangi ya kijani kwenye kioo eneo ambalo mashine yako inakamua vizuri, tuseme 18 hadi 25, na nyekundu kuanzia 28. Ukigusa nyekundu: punguza mbegu kwanza, kisha legeza choki robo mzunguko, subiri mshale ushuke. Usianze na choki, utamwaga mashudu yenye mafuta.

Inapoharibika ni hapa. Umeme ukishuka, mota inavuta ampea nyingi zaidi kwa kazi ileile. Volti zikifika 360 mshale unaweza kuingia nyekundu na mashine haina tatizo lolote. Kwa hiyo voltimita ikae pembeni ya amita, na mkamuaji afundishwe kusoma zote mbili kwa pamoja. Wengi wanafunga moja tu, kisha wanasema kifaa kinadanganya.

Na niulize: huyo anayesikia, akishakaa misimu kadhaa kwenye kelele ile bila viziba masikio, atakuwa anasikia nini?

Mkalimani wa lugha ya alama, Dodoma

Ahsante fundi. Niongeze upande wa usalama, maana amita peke yake haitoshi kumlinda kiziwi.

Hatari iko wakati wa kuwasha. Anayesikia anaambiwa "nawasha!", kiziwi ana mkono ndani ya kinga ya mkanda wa mashine. Funga taa nyekundu ya kumwekamweka pande mbili za mashine, iunganishwe na taima (kifaa cha kuchelewesha) kabla ya kontakta, swichi inayoipa mota umeme: ukibonyeza swichi, taa inawaka sekunde 10, ndipo mota inapata umeme. Taa isiwekwe juu ya paa la mashine. Mchana jua linaimeza, na vumbi la maganda linaifunika. Iwe usawa wa macho, na kuifuta iwe kazi ya mtu kila zamu inapoanza. Pia kila anayesafisha au kufungua mashine awe na kufuli lake kwenye swichi kuu, na ufunguo akae nao mfukoni.

Kisha zamu nzima ikubaliane ishara chache: simamisha, punguza mbegu, moto umezidi, njoo, umeme umeshuka, mtu ameumia. Zichukuliwe kwenye Lugha ya Alama ya Tanzania, msizibuni wenyewe, vinginevyo kiziwi atakayekuja msimu ujao mtaanza naye upya. Wanaosikia nao watazitumia, kwa sababu mle ndani hakuna anayemsikia mwenzake hata sasa.

Mkamuaji, Kibaigwa

Mnanijibu kwa vifaa. Vifaa ni hela. Mafuta ya mawese kutoka nje yakishusha bei, mimi ndiye ninayebaki na madumu stoo. Taa, taima, kinga, vyoo viwili. Nani analipa?

Afisa rasilimali watu, Dodoma mjini

Kaka, kinga ya mkanda na kufuli ungepaswa kuwa navyo hata kama watu wako wote ni vijana wanaosikia na kuona. Viondoe kwenye hesabu ya "gharama za walemavu". Kinachobaki ni taa, taima na mteremko mlangoni badala ya kizingiti.

Kuhusu 0.6, kuna wanaokwepa kwa kubaki na watu 19 kwenye karatasi. Kwa maoni yangu sheria imesema "angalau", kwa hiyo 0.6 inapanda kuwa 1. Ila nakubaliana nawe kwamba suala la vibarua halijakaa sawa. Kiwanda chenye watu 12 mwezi wa pili na 40 mwezi wa saba kinapaswa kuambiwa waziwazi kihesabiwe lini. Kubana kabla ya kueleza hilo ni kuchochea ujanja.

Gunia ndilo limenichekesha kidogo. Lumbesa imepigwa marufuku, na wewe unaitumia kama kigezo cha ajira! Pokea mbegu kwenye magunia ya kilo 50, weka hopa ya chini na eleveta ya ndoo inayopandisha mbegu. Kama eleveta ni ghali, chimba shimo la kumwagia mbegu usawa wa sakafu uweke skrubu ya kupandishia. Hata huyo kijana wa miaka 22 mgongo wake utakushukuru.

Msimamizi wa zamu, Kondoa

Mnasahau usiku. Msimu ukichanganya, mashine hazilali. Sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mjamzito hapangiwi usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Anayenyonyesha anapewa muda wa kwenda kunyonyesha, usiozidi jumla ya saa 2 kwa siku. Wenye viwanda wakisoma hapo wanafunga daftari: "wanawake wana mambo mengi."

Hizo saa 2 hazisimamishi mashine ukipanga zamu ya watu watatu kwa mashine mbili badala ya mmoja mmoja. Mtu wa tatu anachuja mafuta na kufunga mashudu, na anashika mashine mwenzake anapotoka. Tatizo halisi ni kutoka saa 8 usiku bila usafiri. Hapo zamu ibadilike saa 12 asubuhi, au mwajiri alipe bajaji. Na mavazi: khanga na mkanda wa mashine haviendi pamoja, ovaroli ni lazima. Vivyo hivyo shati la kaka lililofunguliwa vifungo.

Mkamuaji, Kibaigwa

Sawa, dada. Nimebaki na moja. Ninachukua vijana wa kwetu kwa sababu mafuta yanaibiwa. Wa kwetu nikimkamata, najua kwao.

Mhasibu wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao), Kongwa

Ukimkamata, mkuu. Na mara nyingi humkamati, maana mjomba wake ndiye anayekuombea msamaha.

Kinachozuia wizi ni mizani. Pima mbegu zinazoingia, pima mafuta, mashudu na uchafu wa chujio vinavyotoka. Kilo 1,000 zilizoingia zitoke karibu zote. Pungufu kidogo ni unyevu uliopotea kwa joto. Zikipungua kilo 60 una swali la kumuuliza mtu, awe Mgogo, Mrangi, Mnyaturu au mgeni aliyeshuka na treni jana. Usipopima, ukoo unakufichia wizi tu.

Fundi mitambo, Singida

Hapo mhasibu amegusa kitu ambacho mleta mada hakukitaja: mawazo. Ukijaza kiwanda watu waliofundishwa na mtu mmoja, wote watakaza choki vilevile kwa sababu "ndivyo mzee alivyofanya". Mama anayefunga mashudu ndiye wa kwanza kujua kwamba leo yanaacha mafuta kiganjani, maana yake skrubu imelika au mbegu haikupashwa joto vya kutosha. Lakini nani anamuuliza?

Sanduku la maoni halisaidii. Anayejua kuandika anaogopa mwandiko wake utajulikana, na ufunguo anao bosi. Fanyeni dakika 10 zamu zinapopishana, mkiwa mmesimama, anaanza kusema mwenye cheo cha chini, msimamizi anamalizia. Daftari liandikwe limeonekana nini, nani kaliona, nani atajaribu na lini. Jina la aliyeliona lisifutwe, maana hapo ndipo wasimamizi wanapojibebea sifa na watu wanafunga midomo.

Na majaribio yawe ya haki: magunia 10 kwa njia ya zamani, 10 kwa njia mpya, mbegu za shehena moja, siku moja, mashine ileile. Badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha choki na joto kwa pamoja hutajua kilichosaidia. Unyevu upimwe pande zote mbili; mbegu ya asilimia 6 na ya asilimia 9 hazilinganishiki hata kidogo.

Mleta mada

Kwa hiyo mkuu wa Kibaigwa, bado unasema waachwe?

Mkamuaji, Kibaigwa

Nasema kubanwa kusianze na faini. Aje mkaguzi mwezi wa nne mashine zikiwa kimya, aonyeshe taa ikae wapi, shimo lichimbwe wapi, aniandikie. Akirudi mwezi wa saba akute sijafanya, anitoze. Akija mwezi wa saba kwa mara ya kwanza, malori yamepanga foleni nje, hatapata mtu wa kumsikiliza. Fundi, hiyo taima inafungwa kabla au baada ya kinga ya mota?

Fundi mitambo, Singida

Ukisema kinga ya mota, nadhani unamaanisha ovalodi. Taima haikai kwenye nyaya kubwa za mota kabisa. Inakaa kwenye waya mdogo unaolisha koili ya kontakta, na mguso wa ovalodi uwe kwenye waya huohuo. Mota ikizidiwa, ovalodi inakata koili na taima inarudi sifuri. Hakikisha taima nayo inakatwa hapo, la sivyo mtu akirudisha ovalodi mashine itaondoka bila zile sekunde 10.