Mchezo wa jukwaani kwa mtu wa mara ya kwanza: Malindi, Mombasa au Nairobi? Na tukae wapi?

BintiLangoni

Assalamu alaykum. Niko Langoni, Amu (Lamu). Binamu yangu yuko Kidato cha Nne na tamthilia ya mtihani ameisoma mpaka jalada limebanduka, lakini hajawahi kumwona mtu akisimama jukwaani akayasema yale maneno kwa mdomo wake. Nimemuahidi kumpeleka kabla ya mtihani. Bibi yetu akasikia, akasema na yeye yumo. Bibi magoti yanamsumbua, na sikio la kushoto limekuwa zito.

Njia ninazoziona ni tatu. Kuna kikundi kinachozunguka mashuleni, kitacheza Malindi Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa shule. Kuna mchezo wa alasiri Mombasa, Little Theatre Club pale Mnazi Mmoja. Na kuna Nairobi, Kenya National Theatre, jioni. Tiketi si tatizo sana, nauli ndiyo inayokula pesa.

Nauliza wapi pana faida zaidi, na tukifika tukae viti gani. Binamu naye ana lake: je, mtu anaweza kuonana na waigizaji mchezo ukiisha?

Fundi_Taa

Waalaykum salaam dada. Mimi nafunga taa za jukwaa, Mombasa na Malindi, kwa hivyo michezo nimeitazama nikiwa kila pembe ya ukumbi. La viti niachie mimi.

Mstari wa kwanza usiukimbilie. Jukwaa liko juu yako, unaona viatu na videvu, na mtu akianguka chini jukwaani kwako ndiyo amepotea. Pembeni kabisa nako mandhari na pazia zinakukata, wenzako wanacheka na wewe huoni kinachochekesha. Kwenye jumba lenye sakafu ya kushuka, kaa mstari wa nne mpaka wa saba, katikati. Hapo unaona jicho la mwigizaji likigeuka kabla hajasema neno, na jukwaa zima pia unaliona.

Bibi mpe kiti cha mwisho upande wa kushoto wa viti vya kati, kando ya njia. Goti litapata pa kunyooka, na jukwaa litakuwa kuliani kwake, upande wa sikio zima. Hili ni dogo lakini nimeona wazee wakitoka hawakusikia nusu ya mchezo kwa sababu ya upande waliokalishwa.

Ukumbi wa shule ni habari nyingine. Sakafu ni bapa, viti ni vya plastiki, na kichwa cha aliye mbele yako ndicho utakachotazama. Huko nenda mstari wa pili, na usikae chini ya feni. Mvua ikipiga mabati, hakuna mwigizaji atakayeishinda hata awe na sauti gani.

MwalimuGanda

Nafundisha Kiswahili huku Malindi, na kila mwaka nawapeleka wanafunzi wangu kwenye michezo hii. Niutetee mzunguko wa mashuleni. Karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili, ile ya fasihi, ina alama 80, tamthilia peke yake 20, na mtoto aliyeuona mchezo hakosei tena nani alimwambia nani, na wapi. Swali la dondoo analijibu akiona nyuso. Halafu ukumbi ukijaa wanafunzi mia kadhaa wanaoujua mchezo kwa moyo, mwigizaji akianza sentensi ukumbi mzima unaimaliza. Raha hiyo Nairobi huipati.

Lakini niseme ukweli. Mchezo hufupishwa. Sehemu ndogondogo huondolewa, na mwigizaji mmoja hubeba watu watatu kwa kubadilisha kilemba tu. Kuonana nao ni vigumu, maana mchana wana shule nyingine. Mwaka jana wanafunzi wangu walitoka na madaftari yao mkononi, wakakuta gari limeshawashwa na maleba yametupwa juu ya viti. Walipungiwa mkono dirishani, basi.

Kaka_Maweni

Mombasa. Karibu kilomita 120 kutoka Malindi, matatu zipo mchana kutwa. Tatizo ni kurudi. Mimi niliwahi kutoka ukumbini kabla ya onyesho la mwisho kwa hofu ya kukosa gari, na mpaka leo sijui yule mke alimsamehe mumewe au la. Msirudi siku hiyo hiyo. Lala kwa jamaa.

Nahodha_Shela

Wanangu, mnasafiri mbali na hali nyumbani tuna Ngome. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ikawa jela mpaka miaka ya 1980, na leo ndani mna ua wa wazi wenye kuta nene pande zote. Nimeona maigizo pale. Sauti inagonga ukuta na kurudi, hata mnong'ono unasikika, kinyume kabisa na uwanja wa Mkunguni pale nje ya Ngome, ambapo upepo wa kusi unayachukua maneno na punda analia pale pale mtu anapokufa. Waigizaji wetu wanajua kupanga: wanaanza baada ya Isha, ili adhana isiwakate katikati. Na mlango wa nyuma haupo. Wakimaliza, wanapita katikati yenu kwenda nje, unamshika mkono umtakaye.

Sisemi msiende Mombasa. Nasema bibi huyo mzoesheni kwanza hapa siku kukiwa na jambo.

BintiLangoni

Ami, kungekuwa na mchezo Ngomeni kabla ya mtihani nisingeuliza. Ninayeshindana naye ni kalenda.

MamaSwafiya

Mimi ni wa Amu, nimeolewa Nairobi, na Kenya National Theatre nakwenda kila nikipata nafasi. Jumba lilifunguliwa 1952, likakarabatiwa na kufunguliwa tena 2015. Kwa taa, sauti na mandhari, hakuna la kulinganisha nalo kati ya kumbi hizo tatu. Pazia likifunguka moyo unaruka, hata ukiwa umeshaliona mara ishirini.

Sasa hesabu safari yenu. Boti mpaka Mokowe ng'ambo ya bara, basi la alfajiri, kushuka kuonyesha vitambulisho njiani, Mombasa, kisha treni ya SGR kutoka stesheni ya Miritini. Treni daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu tangu Januari 2024, na inakushusha Syokimau, nje ya mji. Mkitaka kurudi usiku ule ule kwa treni ya saa nne, mtaondoka mchezo ukiwa katikati. Kwa magoti ya bibi, ni safari ya siku nne kwa mchezo wa saa mbili.

La waigizaji nilijibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona watu wengi wanalikosea. Mchezo ukiisha, wakishainama mara ya mwisho, usipande jukwaani wala usisukume pazia. Nyuma kule mtu anavua nguo, mwingine amekaa kimya anajirudisha kuwa yeye. Muulize mhudumu wa ukumbi wanatokea mlango upi, mkasimame hapo, kando, msizibe njia. Ngojeni. Huchukua robo saa mpaka nusu saa, na anayetoka kwanza mara nyingi ndiye aliyekuwa na sehemu ndogo. Msimpite kama hamumwoni mkimtafuta mkubwa! Mpe mkono, mtajie kitu kimoja alichokifanya ambacho umekiona. Msanii hushukuru zaidi kusikia "nilikuona ulivyoipokea ile barua" kuliko "mlicheza vizuri sana". Picha omba, usipige tu. Na swali liwe moja, lililofikiriwa, maana wamechoka.

Ndiyo maana mimi nachagua ukumbi kwa kuangalia saa ya kuondoka. Palipo na nusu saa ya kusimama mlangoni bila kuangalia saa, pananizidia jumba zuri.

Fundi_Taa

Mama kasema. Niongeze: Mombasa jumba ni dogo, umbali wa kiti na jukwaa ni mfupi, na mlangoni watu si wengi. Kwa bibi na kwa mtoto, ningekwenda huko.

BintiLangoni

Nimeamua Mombasa. Shangazi yuko Kibokoni, tutalala kwake usiku wa kwanza na wa pili. Nimekwishaweka viti: mstari wa tano, cha kando ya njia ni cha bibi. MwalimuGanda, nisamehe, ila binamu ataka sana kuonana nao.

MwalimuGanda

Hakuna la kusamehe. Mwambie asome tena onyesho moja tu kabla ya kwenda, lile analolipenda, aone wao wamelifanyaje.

BintiLangoni

Tumerudi salama, alhamdulillahi. Nawaletea habari kama nilivyoahidi.

Tulifika nusu saa kabla, bibi akakaa bila kusukumwa na mtu. Taa zilipozimwa alinishika mkono, akaushikilia mpaka mapumziko. Sikio la kulia lilifanya kazi yake: kila mtu akisema jambo la hekima kule jukwaani, bibi alikuwa akiitikia "naam" kwa sauti, na hakuna aliyegeuka kumkemea.

Mlangoni tulingoja dakika ishirini hivi. Wa kwanza kutoka alikuwa msichana aliyeleta chai mara mbili tu mchezo mzima. Binamu akamwambia, "Mara ya pili mkono ulikutetemeka." Yule msichana alifurahi, akamwita mwenzake aje asikie. Kisha akatoka aliyecheza mzee wa nyumba, kumbe ni kijana wa miaka ishirini na kitu, unga mweupe bado umo kwenye nyusi na nyuma ya sikio.

Binamu alikuwa na swali lake moja, ameliandika kiganjani. Akamuuliza: "Pale unapoulizwa kama ulijua, kitabuni imeandikwa 'kimya' tu. Ulijuaje kimya kile kiwe kirefu kiasi gani?"

Kijana akafikiri. Akasema siku zote huhesabu pumzi mbili. "Leo nilihesabu tatu, kwa sababu kuna mtu mstari wa tano alivuta pumzi kwa nguvu, nikamngoja amalize."

Bibi akasema, "Ni mimi, mwanangu."

Kijana akainama, akamshika mkono na kumwamkia shikamoo. Wakasimama pale wakizungumza habari za mzee yule wa jukwaani kama mtu wanayemjua wote wawili, bibi akimshauri alivyopaswa kusema na mwanawe, naye akisikiliza. Shangazi ndiye aliyetuhimiza, chakula kinapoa.