"Singletoni iko salama, kontena inalinda. Kasome": huyu mtu nani kampa kazi ya kukagua msimbo?

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo tena, mbele ya timu nzima: "Singletoni iko salama, kontena inalinda. Kasome." KASOME!

Inalinda nini? Spring, fremu ya Java ambayo kontena yake ndiyo inayounda vitu vya programu, ikikuta klasi ya @Service isiyotajiwa skopu (kitu kiishi muda gani), inaunda kitu kimoja tu cha wote, ndiyo singletoni, basi. Tomcat, seva ya wavuti, kwa kawaida yake ina thredi (njia za kazi zinazokwenda sambamba) hadi 200, zote zinaingia humo humo. Naye kaweka humo fildi (kigeu cha kitu hicho) ya mtejaWaSasa! Ombi la A linaandika, la B linafuta juu yake, A anaonyeshwa salio la B. Pembeni kuna SimpleDateFormat (kipanga tarehe) ya static, yaani moja kwa wote, inavuruga tarehe mpaka mtu anakufa kabla hajazaliwa. Data ya ombi ipitishwe kwenye vigezo vya methodi. Tarehe apewe DateTimeFormatter, haibadiliki. Halafu mimi ndiye nikasome?

NyokaWaBini: Akibanwa ataweka synchronized (kufuli, thredi moja kwa wakati) juu ya methodi nzima, thredi 200 zipange foleni.

MzeeStaki: Au abandike prototaipu (skopu ya kitu kipya kila kinapoombwa), aiingize kwenye singletoni ile ile. Inaingizwa mara moja tu, singletoni inapoundwa, inaganda humo mpaka seva izimwe. Dawa ni ObjectProvider, uite getObject() kila unapotaka kipya.

Mbishi01: Mleta uzi, kilio kirefu, fildi moja. Achia thredi 50 kwa pamoja na CountDownLatch (kizuizi cha kuziachia kwa mpigo), matokeo yamuumbue.

Mleta uzi: Jaribio hilo nimeliambatisha. Jibu lake? KASOME.

DotiNeti: Nyie bado. Huku .NET mtu anaingiza DbContext (kiungo cha hifadhidata), ambayo ni ya skopu, yaani ya ombi moja, ndani ya kitu kilichosajiliwa kwa AddSingleton. Kwenye Development inalipuka kwa sababu ValidateScopes (ukaguzi wa skopu) imewashwa. Prodakshini imezimwa, kimya. Iwasheni wenyewe, na kazi za nyuma zijiundie skopu kwa IServiceScopeFactory.

GuiceDamu: Ndiyo maana Guice, kontena nyingine ya Java, isipotajiwa skopu inatoa kitu kipya kila mara. Spring ndiyo imeharibu watu.

MzeeStaki: Acha hizo. Wanaoharibu ni wa @Autowired (alama ya kuiambia Spring iingize tegemezi) juu ya fildi, haiwezi hata kuwa final (isiyobadilishwa). Tumieni konstrakta (sehemu inayounda kitu)!

NyokaWaBini: Konstrakta ya tegemezi 14 imefichwa na Lombok (zana inayokuandikia msimbo), hakuna anayeona aibu.

GuiceDamu: Lombok imeingiaje hapa?

NyokaWaBini: Imeingia kwa sababu inaficha uchafu. Bisha.