Diski HAIJAFA! Watengenezaji wa laptopu acheni kutufichia draiva, na mafundi acheni kuwanunulisha watu diski mpya

Wakuu salaam.

Nina hasira na leo naziandika zote. Nimechoka kuletewa laptopu ambayo mwenyewe kashaambiwa "diski imekufa, tafuta nyingine", halafu naifungua nakuta diski nzima kabisa, kilichokosekana ni faili chache za draiva (programu ndogo inayouwezesha mfumo kutambua kifaa) zenye ukubwa wa megabaiti chache tu. Mtu anatoa hela, anapoteza kazi zake, anapoteza picha zake, kwa sababu ya ujumbe mmoja wa hovyo kwenye skrini.

Anayepiga Windows, yaani kuisakinisha, mara kwa mara hali hii anaijua. Umetengeneza vizuri flashi ya kubutia, yaani ya kuwashia kompyuta, umeingia kwenye menyu ya kubuti, flashi imesoma bila shida, umechagua lugha, umekubali masharti, unafika ukurasa wa kuchagua pa kusakinisha. Pale palipotakiwa kuwa na orodha ya patisheni (sehemu za diski) ni peupe. Hakuna diski 0, hakuna patisheni ya MB 100 ya kubutia, hakuna chochote. Chini kuna kamstari kadogo kanasema hakuna diski iliyopatikana, pakia draiva. Wakati mwingine ni balaa zaidi: orodha inaonyesha diski moja tu ya GB 14 na ushee, kumbe ndiyo flashi yenyewe uliyobutia! Nimeshuhudia mtu akifuta patisheni za flashi yake akiamini anasafisha diski ya laptopu, usakinishaji ukafia hapo hapo.

Sasa sikilizeni sababu yenyewe. Kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizotoka mwaka 2020, laptopu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewashiwa kitu kinaitwa VMD, yaani kidhibiti cha Intel kinachosimamia diski. Kikiwa kimewashwa, diski ya NVMe (aina ya SSD ya kasi) haijionyeshi moja kwa moja kwa mfumo endeshi. Inakaa nyuma ya kidhibiti hicho, na programu isiyo na draiva ya kidhibiti haiioni diski kabisa. Windows iliyokuja na laptopu iliwekewa draiva hiyo kiwandani, ndiyo maana miaka yote mtumiaji hakuona tatizo. Flashi uliyoitengeneza kwa ISO rasmi, yaani faili la kusakinishia Windows kutoka Microsoft, mara nyingi haina. Ni hilo tu, hakuna ugonjwa mwingine.

Na hapa ndipo damu inanichemka. Kidhibiti chenyewe hakijifichi. Kinajitambulisha kwa namba yake kama kifaa kingine chochote kilichounganishwa kwenye ubao mama. Programu ya kusakinisha ina uwezo wa kuisoma namba ile na kumwambia mtu kwa lugha nyepesi: "Kompyuta hii ina kidhibiti cha VMD, sina draiva yake, diski inaweza kuwa nyuma yake." Sentensi moja! Badala yake inamwambia mtu diski haikupatikana, na mtu wa kawaida akisoma "haikupatikana" anaelewa haipo au imekufa. Yule mwenye laptopu atajuaje vinginevyo? Hajasomea haya mambo na wala hapaswi kuyasomea ili atumie kifaa alichonunua kwa hela yake.

Niwape kisa kimoja. Mama mmoja, mtu wa hesabu, laptopu yake ya kazi iligoma kuwaka baada ya sasisho. Fundi akaja na flashi, akaona orodha tupu, akatamka kifo cha diski. Ikatolewa, ikanunuliwa mpya, ikafungwa. Diski mpya nayo haikuonekana! Hapo mtu mwenye akili timamu anasimama na kujiuliza inakuwaje diski mbili zife kwa mtindo ule ule. Fundi hakujiuliza. Akamwambia mama wa watu kwamba basi ubao mama ndio umekufa, na kwa bei ya ubao mama bora anunue laptopu nyingine. Ilipofika mikononi mwangu nilipakia draiva ya VMD kutoka kwenye folda niliyoiweka kwenye flashi, diski mpya ikatokea. Nikairudisha ile ya zamani "iliyokufa", nikapakia draiva ile ile, ikatokea na patisheni zake zote. Faili zake za kazi zilikuwepo, hakuna hata moja iliyopotea. Alilia pale pale. Na mimi nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilishindwa hata kumpa pole inavyotakiwa.

Mtaniambia, "Mkuu, si draiva iko kwenye tovuti ya mtengenezaji?" Iko, ndiyo. Nenda kaitazame ilivyowekwa. Laptopu kibao draiva yake imefungashwa ndani ya faili la .exe. Programu ya kusakinisha Windows haitaki .exe, inataka folda iliyo wazi yenye faili za .inf, .sys na .cat. Ili uzipate lazima uifungue ile .exe, na kuifungua mara nyingi kunataka kompyuta nyingine yenye Windows inayofanya kazi. Mtu mwenye kompyuta moja tu, ambayo ndiyo imekufa mfumo, afanye nini? Ni ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba ile ile unayotaka kuifungua. Na wanaweza kuweka zipu ya kawaida, maana kuna modeli ambazo wameweka. Kwa hiyo hawawezi kutuambia haiwezekani.

Njia ya pili ni kuzima VMD kwenye bayosi (mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows), diski ikaonekana bila draiva yoyote. Vizuri. Lakini kuna laptopu ambazo kipengele hicho HAKIPO kwenye menyu mpaka ubonyeze Ctrl na S kwa pamoja ukiwa kwenye ukurasa fulani wa bayosi. Hakijaandikwa kwenye skrini, mtumiaji hana pa kukisoma, unakijua kwa kuambiwa na mwenzako aliyekwishateseka. Nani alikaa kwenye kikao akaamua mwenye mali afichwe swichi ya mali yake? Na zipo ambazo hata ukibonyeza vitufe vyote hakitokei, huna budi utafute draiva.

Tena angalieni sana hapa, kwa sababu ushauri huu wa kuzima VMD unatolewa kiholela. Kama Windows ya zamani bado iko kwenye diski na unataka ikutunzie faili zako, ukizima VMD haitabuti, itakutupia skrini ya bluu kwamba kifaa cha kubutia hakifikiki. Ukiirudisha VMD kama ilivyokuwa, kwa kawaida inawaka tena. Lakini watu wakiona ile skrini wanapaniki, wanafuta kila kitu. Kuzima VMD ni kwa anayepiga Windows upya na ambaye faili zake ziko salama mahali pengine. Anayetaka kuokoa kitu apakie draiva, asiguse bayosi.

Ushauri mwingine unaoniudhi ni ule wa "zima Secure Boot kwanza ndio flashi isome". Secure Boot ni ulinzi unaoruhusu kubuti programu zilizosainiwa tu. Flashi ya ISO rasmi ya Windows imesainiwa, inabuti Secure Boot ikiwa imewashwa. Huna sababu ya kuizima! Na siku hizi kuizima kuna hatari yake. Laptopu nyingi zenye Windows 11 diski zake zimesimbwa, yaani zimefungwa kwa ufunguo wa siri, bila mwenyewe kujua. Toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, limepanua jambo hilo: ukipiga upya na kuingia kwa akaunti ya mtandaoni, usimbaji unaweza kujiwasha wenyewe hata kwenye Windows ya Home. Siku unayogusa Secure Boot au TPM (chipu inayotunza funguo za usalama), mashine inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ambayo mtu aliifungua siku ya kwanza, barua pepe hiyo hata haikumbuki. Ufunguo usipopatikana, faili zinaweza kuondoka kweli na hakuna fundi wa kuzirudisha. Nawasihi, kabla hujagusa chochote kwenye bayosi ya mteja, kama Windows bado inawaka fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, andika manage-bde -status, soma kama diski imesimbwa. Ikiwa imesimbwa, tafuta ufunguo KWANZA, hayo mengine baadaye.

Kuna na ule ujumbe mwingine unaosema kompyuta inahitaji draiva ya midia. Huo mara nyingi hauhusiani na draiva yoyote. ISO imeharibika wakati wa kupakua, au flashi haikuandikwa sawasawa. Linganisha alama ya SHA-256 ya ISO yako (msimbo wa kuhakiki kwamba faili halikuharibika) na iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia, andika flashi upya, jaribu tundu lingine la USB. Tena msinakili faili za ISO kwa mkono kwenye flashi ya FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili), kwa sababu FAT32 haibebi faili la kufikia GB 4 na lile la install.wim, lililobeba Windows yenyewe, siku hizi linazidi hapo. Tumieni programu za kutengenezea flashi kama Rufus au Ventoy, zinajua kulizunguka tatizo hilo. Lakini angalau hapa kosa linarekebishika kwa flashi, halimfanyi mtu anunue diski.

Haya, diski umeiona, umesakinisha, unadhani umemaliza. Unakuta skrini ya kuunganisha intaneti. Waifai haina draiva, kitufe cha kuendelea kimezimwa, na bila intaneti hukubaliwi kwenda mbele. Yaani mfumo unakudai mtandao huku wenyewe umeshindwa kuitambua kadi ya mtandao! Dawa ni kuchomeka simu ya Android kwa waya na kuwasha ugawaji wa intaneti kwa USB, Windows huwa inaitambua bila kuwekewa kitu. Lakini mbona mtu alazimishwe kuwa na simu yenye bando ili awashe kompyuta yake?

Ufunguo wa Windows nao, msikubali kuuziwa. Laptopu zilizotoka kiwandani na Windows tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, kwa kawaida zina ufunguo ndani ya bayosi. Unapiga toleo lile lile, unaunganisha intaneti, inajiamilisha. Anayekutoza hela ya "leseni" kwa toleo lililokuja na mashine yako anakuibia, na nasema hivyo bila kung'ata maneno.

Ninachodai ni vitu vya kawaida kabisa. Mtengenezaji wa laptopu aweke draiva ya diski kama zipu iliyo wazi, kwenye ukurasa wa kila modeli, sehemu ya juu, iandikwe "ya kusakinishia". Swichi ya VMD iwe kwenye menyu ya bayosi, ionekane bila vitufe vya siri. Wenye programu ya kusakinisha waandike sentensi ile moja ya kweli. Na ninyi mafundi wenzangu, orodha ikiwa tupu, msimtamkie mtu kifo cha diski kabla hamjaingia bayosi kuangalia kama diski inatajwa pale. Ikitajwa jina na ukubwa wake, tafuteni draiva kabla ya kutaja diski mpya. Hiyo ni dakika moja ya kazi, na mteja amekulipa kwa ajili ya dakika hiyo.

Sasa naomba tusaidiane. Nataka tukusanye hapa modeli ambazo VMD imefichwa na modeli ambazo draiva yake inatolewa kwa .exe tu. Aliyekutana nayo aandike modeli kamili, kizazi cha prosesa, toleo la bayosi, na vitufe vilivyokubali. Kama umefanikiwa kuifungua .exe, eleza ulivyoifungua na folda ya .inf iko wapi ndani yake, maana zingine zina folda tatu nne na inayokubali ni moja. Nitaziunganisha kwenye bandiko hili la kwanza kadiri zinavyokuja. Namba ya utambulisho ya mashine yako usiiweke hadharani, modeli na toleo la bayosi vinatosha.