Tupeane uzoefu: wafanyabiashara wadogo wa Dodoma na kanda ya kati, Google Maps imekuletea mteja au imekupotezea?

Habari za jioni wadau. Nina gesti ya vyumba tisa huku Ilazo. Naanza na langu, halafu kila mtu ashushe lake.

Mwaka jana, saa nne kasoro usiku, simu inaita. Mgeni wangu, mama mtu mzima, ameshuka SGR kutoka Dar na chumba ameshalipia kwa lipa namba. "Mwanangu, nimefika hapa kwenu, mbona giza?" Namwambia mama, taa zetu zinamulika hadi barabarani. "Mimi naona ukuta haujapigwa plasta. Na mbuzi." Nikaomba kuongea na dereva wa bajaji. Kumbe naye mgeni, ana wiki moja mjini, anachofuata ni simu tu: "Bosi, ramani inasema tumefika."

Nikatoka na tochi. Niliwakuta ng'ambo ya korongo. Kwa miguu ni kama mita mia sita, kwa bajaji lazima mzunguke mpaka lami. Mama wa watu amekaa ndani ya bajaji na begi mapajani, mbuzi wanamtazama.

Chanzo ni mimi mwenyewe. Kijana fulani nilimpa elfu hamsini aniwekee biashara Google. Aliisajili akiwa amekaa kwao, simu ikachukua pale alipokaa, akabonyeza kubali. Miezi minne wageni wangu wanapelekwa kwenye pagale. Huyu alipiga simu. Waliofika, wakaona giza, wakaenda kulala kwingine bila kuniambia, sitawajua kamwe, na hao ndio wanaoniuma.

Nilihamisha pini mwenyewe, yaani ile alama ya mahali ulipo kwenye ramani. Kisha nikamtafuta bodaboda wa kijiwe cha mbali, Chang'ombe, asiyenijua kabisa, nikamtajia jina la gesti na kumwambia asiulize mtu. Mara ya kwanza akatokea uani kwa jirani. Nikasogeza tena. Mara ya pili akapiga honi getini. Buku tano yake sijaijutia hadi leo.

Zamani hapa ulimwambia mtu "pale kwenye mbuyu kata kulia" na anafika. Tangu serikali itangaze kuhamia huku 2016, mji umejaa watu ambao hata soko la Sabasaba hawalijui, na mbuyu wenyewe tumeshaukata. Bunge la bajeti likianza Aprili, au Nanenane ikifanyika pale Nzuguni, mgeni haulizi mtu. Anauliza simu. Haya, shusheni. Majina ya watu msitaje.

Mama Keki Area D

Pole kaka, ila yako ni afadhali, mgeni alipotea. Mimi walikuwa wanafika!

Naoka keki nyumbani, sina fremu. Nilijiandikisha nikaweka mahali pa nyumbani nikidhani ni lazima. Siku moja saa tano usiku geti linagongwa. Mume wangu katoka na rungu. Kijana kasimama pale na simu mkononi: "Samahani mzee, naulizia keki ya bethidei, nimeona mpo wazi." Nilikuwa nimeacha saa za kazi ziwe masaa 24, kisa kwenye simu oda napokea muda wowote.

Mume alitaka nifute kila kitu. Binti yangu ndiye aliyenionyesha kwamba biashara isiyopokea wateja mlangoni inaruhusiwa kuficha anwani, ukataja maeneo unayopeleka tu. Nikaficha, nikaandika Area C, Area D, Ilazo, Kisasa na Mlimwa. Pini ikaondoka, namba na picha zikabaki. Sasa wanapiga kwanza, na mume wangu analala.

Fundi Majokofu

Ya kwangu ni ya namba. Nilianzia Majengo, 2021 nikahamia Nkuhungu. Nikafungua profaili mpya kwa sababu ile ya zamani nilisahau nywila na barua pepe yenyewe. Nikaona yameisha. Nikabadilisha na laini.

Laini ya zamani sikuitumia muda mrefu, ikafungwa, baadaye akauziwa mtu mwingine. Na profaili ya Majengo ilikuwa hai bado, ina nyota nzuri na maoni kumi na kitu, basi watu wanaipigia hiyo. Siku moja mteja wangu wa zamani ananiambia, "Fundi, siku hizi umekuwa na dharau." Kumbe alipiga, akapokea mzee mmoja yuko Ifakara shambani: "Mimi nalima mpunga, friji yako itakuwaje tena?" Nilimpigia yule mzee kumwomba radhi. Akasema nisijali, ila watu wa Dodoma friji zenu mbovu sana.

Kuirudisha ile profaili ndiyo komedi. Unaomba umiliki, na ombi linatumwa kwa mmiliki aliyepo. Mmiliki aliyepo ni mimi, kwenye barua pepe nisiyoweza kuifungua. Nikawa najiomba ruhusa mwenyewe na najinyima. Siku zikapita bila jibu, ndipo wakanipa nafasi ya kuthibitisha kwa njia nyingine. Nikaipata, nikabadilisha mahali na namba, ile mpya isiyo na maoni nikaifunga. Ukihama fremu, hama na profaili yako. Usianze upya.

Mtoa mada

Fundi nimecheka mpaka mgeni wa chumba namba tatu ametoka kuangalia. Walikuthibitisha vipi?

Fundi Majokofu

Kwa video, mkuu. Unarekodi bila kukata: mtaa, bango, unafungua mlango kwa ufunguo wako, vifaa vya kazi. Hapo ndipo vile vibao vya anwani za makazi vya 2022 nilivyokuwa navibeza viliponisaidia. Nilianzia kwenye nguzo yenye jina la mtaa, nikaja kwenye namba iliyo ukutani, nikaingia ndani. Ile profaili mpya niliichagulia kadi ya posta yenye msimbo na sanduku la posta sikuandika. Hiyo kadi naisubiri hadi leo.

Niliyeliwa Laki Mbili

Nasoma kwa uchungu. Mimi nauza matairi na betri. Alikuja "mtaalamu" na kompyuta mpakato, akasema atanifanya wa kwanza Dodoma nzima. Laki mbili. Akaniambia nitafute "matairi" kwenye simu yangu pale pale dukani. Kweli, nipo wa kwanza! Nikampa hela na soda juu.

Jioni nikaenda Mtumba kwa shemeji, nikatafuta tena ili nimtambie. Sipo. Wamejaa wa huko huko. Ndipo shemeji akanifundisha kitu ambacho yule mtaalamu alikificha: umbali unahesabiwa. Ukijitafuta ukiwa umekaa kwenye kiti chako, ni rahisi ujione wa kwanza, upo mita sifuri! Vinavyoangaliwa ni vitatu: unachouza kinafanana na kilichotafutwa, uko karibu kiasi gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Nafasi ile haiuzwi. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna malipo ya kupandishwa pale. Matangazo ya kulipia yapo, ila yanaonekana kuwa ni matangazo.

Sijamaliza. Jina la duka langu ni maneno mawili. Yeye akaliandika jina, akaongezea "Matairi Betri Bei Nafuu Dodoma Area C Kisasa Nkuhungu Jumla na Rejareja". Kama bango la mganga. Halafu usiku mmoja zikaingia nyota tano thelathini na kitu, wote wameandika "huduma nzuri sana", hakuna hata mmoja aliyetaja tairi. Wiki ya pili profaili ikasimamishwa. Nikitafuta jina langu kamili, sipo. Mtaalamu hapokei simu.

Kukata rufaa nilipeleka leseni ya biashara, cheti cha TIN na picha ya bango, jina likiwa lile lile kwenye vyote. Ikarudi. Zile nyota zilifutwa zote, nikabaki na nne za wateja wa kweli, mmoja wao kanipa mbili kwa sababu nilichelewa kufungua. Hiyo ya mbili siku hizi naipenda, angalau ni ya mtu.

Steshenari ya Chuo

Niko karibu na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Sina kisa cha kuchekesha, ila nina kitu ambacho hakijatajwa: aina ya biashara. Nilipojisajili nilichagua "duka la vitabu". Sina kitabu hata kimoja, nauza madaftari, nachapa na kudurufu. Mwaka mzima wanapiga kuulizia riwaya.

Siku moja nikafungua sehemu ya takwimu, ukiwa na akaunti yako unaiona bure. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakakukuta, na wangapi walibonyeza kupiga simu au kuulizia njia. Yangu yalikuwa ya kuchapa: kuchapa ripoti, kuprinti karibu na mimi, kubaindi. Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika humo humo. Nikabadilisha aina kuu iwe ya uchapaji, steshenari ikawa ya pili, nikapiga picha mashine ya kubaindi na bei niliyobandika ukutani. Msimu wa ripoti uliofuata, wanafunzi niliokuwa siwajui walikuja na swali moja tu: "Nyie ndio wale wenye ile picha ya bei?"

Na jamani, saa za sikukuu. Idi nilifunga, ramani ikasema nipo wazi. Binti katembea kutoka hosteli, akakuta kufuli, akanipa nyota moja na maneno makali. Nilitaka kumjibu kwa hasira. Nikalala kwanza. Asubuhi nikamwandikia pale pale hadharani, pole dada, kosa ni langu, saa nimerekebisha. Hakubadilisha nyota. Lakini alirudi kubaindi, nilimjua kwa jina.

Alizeti Singida

Mimi nitakuwa mbishi. Nauza mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji barabarani Singida. Niliweka duka Google, miaka miwili sasa. Aliyewahi kunipigia ni mtu wa kuniuzia matangazo. Wateja wangu ni madereva wa malori na mabasi, wananijua kwa ndoo za njano, na wa Dar wananiagiza Wasap wakitumwa na ndugu zao. Hakuna mtu anayeendesha lori akatafuta kuku kwenye simu. Msiwatie watu presha wakope hela kulipa wataalamu.

Steshenari ya Chuo

Umesema kweli kaka. Genge la nyanya halihitaji haya. Ila kuwekwa ni bure, na picha ya zile ndoo za njano ungeiweka hata hivyo.

Alizeti Singida

Picha ipo. Aliiweka abiria, mimi sikujua. Nimeiona leo baada ya kusoma hapa. Nimevaa kaptula.

Mama Keki Area D

😂😂 Kila mtu anaweza kuweka picha, na kupendekeza mabadiliko pia. Kuna mtu alipendekeza kwamba nimefunga moja kwa moja! Nilikuta ujumbe nikakataa haraka. Kila Jumatatu nikiwa nasubiri oveni nafungua kuangalia.

Saluni Makole

Nimefuatilia kimya tangu mwanzo. Nimeenda kuangalia ya kwangu sasa hivi. Wadau, saluni yangu ipo juu ya reli. Nasema juu ya reli. Nahamishaje pini na mimi sina kompyuta?

Mtoa mada

Haihitaji kompyuta dada. Ingia Google Maps kwa akaunti ile ile uliyosajilia, gusa picha yako, fungua profaili ya biashara, hariri, nenda kwenye mahali, sogeza ramani mpaka pini ikae mlangoni. Ikuze kabisa, uone paa lako. Wanaweza kukaa kidogo kabla ya kuikubali, na wakikuomba video anzia kwenye nguzo ya mtaa kama fundi. Halafu tafuta bodaboda asiyekujua.

Saluni Makole

Nimesogeza. Bodaboda nimemwita, ametokea Kikuyu. Namsikia kwa nje anaulizia duka la dawa. Ngoja nitoke.