Naomba ushauri: ujuzi tunaoupata nje haudumu ndani ya kampuni

Ndugu wakandarasi na wahandisi, ninaendesha kampuni ndogo ya ujenzi iliyosajiliwa daraja la saba (la chini kabisa kwa wakandarasi wa majengo), nasi hufanya kazi zaidi Mbagala na Kigamboni. Mwaka jana tulipewa sehemu ya kazi chini ya mkandarasi mkubwa, ambako msimamizi wetu alijifunza kupima ulaini wa zege kwa koni (chombo cha chuma kinachojazwa zege kisha kuinuliwa ili kuona limeshuka kiasi gani) kabla ya kulimwaga, kumwagilia nguzo maji kwa siku saba mfululizo, na kupeleka vipande vya zege hilo maabara vikapondwe siku ya 28 ili nguvu ya zege ijulikane. Tuliporudi kwenye miradi yetu, ujuzi huo ulibaki kichwani mwake, kwa kuwa mafundi wetu ni vibarua wanaobadilika kila mara, na fundi mkuu, mzee ninayemheshimu sana, bado hukadiria maji ya kuchanganyia zege kwa macho. Sasa msimamizi huyo ameajiriwa kwingine.

Je, wenzangu mmefanikiwa kwa kuandika mwongozo mfupi wa Kiswahili na kuubandika saiti, au kwa kubakiza mafundi wawili watatu wenye mshahara hata kazi inapokosekana? Mimi naegemea njia ya pili, ila malipo ya wateja huchelewa mno. Na mzee wangu nimweleze vipi bila kumvunjia heshima?